Pine kubwa kwa Prado ya zamani: tulichopata na tulichopoteza



Katika mikutano ya msimu huu wa mvua, ulizo moja limerudi mara mingi kuliko hata ulizo la mbegu. Koperative kadhaa ziko na motokari ya zamani ya kuvuta magurudumu yote manne. Ingine ilinunuliwa okazi, ingine iliachwa na mradi uliokwisha. Mvua ikianza, barabara inaishinda. Inalalia tumbo katikati ya njia, magurudumu yanazunguka bure, viazi vinaanza kutoa maji ndani ya magunia, na mnunuzi aliyefika sokoni asubuhi hangoji. Kisha kwenye mkutano mutu anasimama: "Agronome, hii motokari iko chini sana. Tutoe feza ya kisanduku, tuivalishe pine kubwa sawa zile za mashirika."

Feza ya kisanduku ni ya wote, na mara mingi ndiyo ileile iliyowekwa kwa kununua mbegu ya msimu ujao. Kwa hiyo tumeona vema tuandike hapa kirefu, pahali pa kujibu kila koperative peke yake. Sisi ni maagronome, si mafundi wa garaji. Tunayoandika tumeyapata kwa mafundi, kwa kitabu cha motokari, na zaidi kwa kosa letu wenyewe. Tuliivalisha Prado yetu tairi kubwa, tukatembea nazo msimu mmoja na nusu, kisha tukazitoa.

Tutachukua ile Prado kama mfano, kwa sababu wengi wenu mko na ndugu yake. Ni ile ambayo mafundi wanaita 90, iliyotengenezwa kuanzia 1996 mpaka 2002, na moteri ya mazuti ya litre 3 inayoitwa 1KZ. Kama yenu ni ya aina ingine, hesabu zitabadilika kidogo, lakini mambo ni yaleyale.

Namba zinasema nini

Kabla ya kuzungumzia ukubwa, sherti tujue kusoma ubavu wa tairi. Prado yetu ilitoka kiwandani na tairi 265/70R16. Namba ya kwanza, 265, ni upana kwa milimeta. Ya pili, 70, ni urefu wa ubavu, lakini si kwa milimeta: ni sehemu 70 kwa 100 za ule upana. Kwa hiyo ubavu uko na milimeta 185 na nusu. Namba ya mwisho, 16, ni ukubwa wa janti, ile chuma ya duara ambayo tairi inavaa, nayo inapimwa kwa inchi. Inchi moja ni milimeta 25.4, basi janti iko na milimeta 406. Ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini, utapata tairi yenye kimo cha milimeta 777.

Tairi tulizoweka sisi zilikuwa 285/75R16. Fanyeni hesabu ileile: ubavu ni milimeta 214 hivi, na kimo chote ni milimeta 834. Tofauti ni milimeta 57, karibu sentimeta 6. Kwa macho ilikuwa motokari ingine kabisa. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma yake.

Lakini hapa njo watu wanajidanganya, na sisi tulijidanganya vilevile. Gurudumu linazunguka kwa kitovu chake. Tairi ikiongezeka sentimeta 6 kwa kimo, nusu inaenda juu na nusu tu inaenda chini. Motokari yetu ilipanda milimeta 28 kutoka udongoni, yaani chini ya sentimeta 3. Chukueni rula muangalie sentimeta 3 ni kitu gani mbele ya mfereji uliochimbwa na malori ya Fuso.

Tuseme kweli, hizo sentimeta si bure. Kuna vingi vinavyouzwa kwa kuinua motokari, kama risori ndefu na vipande vya kuweka juu ya amortisere, lakini hivyo vinainua mwili tu. Ile bonge ya chuma ya ekseli ya nyuma, yenye kugonga mawe kwanza, inabaki palepale. Kitu pekee kinachoinua ekseli ni tairi. Tena tairi yenye kimo inapanda shimo kwa urahisi zaidi, na inagusa udongo kwa urefu mkubwa kidogo. Faida iko. Ulizo ni bei yake, na hatusemi tu bei ya dukani.

Tulivyolipa

Cha kwanza tulikiona siku ileile, garajini. Fundi alipogeuza usukani mpaka mwisho, tairi iligusa plastiki ya ndani ya bawa, ikagusa na chuma nyuma yake. Akakata plastiki, akapiga chuma kwa nyundo. Tukafurahi. Tulipobeba mzigo na gurudumu moja likaingia shimoni, tairi ikapanda juu na kusugua upya, kwa sababu fundi alikuwa amepima motokari ikiwa tupu na ikiwa imesimama sawa. Baada ya mwezi tulikuta alama za kukatwa kwenye bega la tairi ya mbele ya kushoto. Tairi mpya, alama za kisu.

Cha pili ni janti. Janti za Prado ile ziko na upana wa inchi 7. Watengenezaji wa tairi 285/75 wanaomba janti kuanzia inchi 7 na nusu. Tulizifunga hivyohivyo. Tairi pana kwenye janti nyembamba inafura katikati, inakula sehemu ya katikati mbele ya pembeni, na kwenye kona inayumba kama mama aliyejitwika ndoo isiyojaa. Wengine wanaleta dawa ya kuweka vipande vya chuma katikati ya janti na kitovu, ili gurudumu lisukumwe nje. Hatushauri. Gurudumu likiwa mbali, uzito unalemea zaidi rulema, zile duara za vyuma ambazo gurudumu linazungukia, na zile za mbele kwa Prado hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Cha tatu ni nguvu ya moteri. Tairi yenye kimo cha 834 pahali pa 777 inatembea mbele zaidi kwa kila mzunguko, sehemu 7 kwa 100. Ni sawa na mutu wa kinga anayepanda mlima akikatazwa kutumia mnyororo mdogo. Mahali tulipokuwa tunapanda na vitesi ya pili, tukarudi ya kwanza. Ambreyaji ikaanza kunuka. Na sindano ya joto, ambayo zamani ilikuwa imelala, ikaanza kuamka kwenye milima mirefu. Kila fundi anayeijua 1KZ atawaambia kwamba adui yake mkubwa ni joto. Ikipita kiasi, kulasi inapasuka, na kulasi ya moteri ile ni bei ambayo koperative ingine haiwezi kurudisha kwa mavuno ya msimu mmoja. Kwetu haikupasuka. Tulisimama mara mingi, tukafungua kapo, tukangoja. Siku ingine safari ya saa 2 ikawa ya saa 4.

Cha nne, wengi hawakifikirii, nacho kinagusa kisanduku moja kwa moja. Kontere ya kilometa inahesabu mizunguko ya gurudumu, haijui kwamba gurudumu limekuwa kubwa. Ukitembea kilometa 100 za kweli, inaandika 93. Koperative nyingi zinalipisha wanamemba usafiri kwa kilometa, na zinaandika katika kitabu cha motokari. Basi kila kilometa 100, kilometa 7 zinabebwa bure. Vidanji nayo inachelewa: mnafikiri mmefika kilometa 5,000, kumbe mmekwisha pita 5,300. Na mtu wa hesabu anaona mazuti imepanda sana, anaanza kumshuku shofere. Kwetu ilifika pale. Shofere aliulizwa maneno mbele ya watu, na kitabu cha hesabu kilikuwa na kosa ambalo si lake. Tulimuomba radhi. Motokari ilikuwa inakunywa zaidi, ndiyo, lakini si kwa kiasi kile. Sehemu ilikuwa ya kontere. Kasi pia inadanganya hivyohivyo: sindano ikisema 60, mko karibu na 64.

Cha tano njo kilichotufanya tuzitoe. Freni.

Freni inashika karibu na kitovu cha gurudumu, na udongo unasukuma kwenye ukingo. Ukingo ukienda mbali, nguvu ileile ya freni inafika chini ikiwa imepunguka, hapa karibu sehemu 7 kwa 100. Ongeza kwamba kila tairi ilizidi ile ya zamani kilo kadhaa, na kitu kizito kinachozunguka ni kigumu kusimamisha. Ongeza tena kwamba moteri yenyewe, ambayo kwenye mteremko inasaidia kushika motokari, imepoteza nguvu kwa sababu ileile iliyofanya ishindwe kupanda. Kila moja ni kidogo. Kwenye mteremko mrefu zinakutana.

Tulikuwa tunashuka kutoka Numbi kuelekea Kalungu, na magunia 6 ya viazi nyuma, watu 4 ndani, barabara imelowa. Shofere wetu ni muzee anayeijua ile njia tangu ujana wake. Katikati ya mteremko alisema kwa sauti ya polepole: "Freni iko inafika, lakini inafika kwa kuchelewa." Hakuna aliyejibu. Aliingiza vitesi ndogo, akaelekeza motokari upande wa mlima, mbali na bonde, tukasimama kwa kusugua ukuta wa udongo. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Tulikaa pale nusu saa tukiangalia wamama wakipanda na mizigo yao, na hakuna mutu kati yetu aliyezungumza juu ya sentimeta 3.

Wiki ile tairi zikatolewa.

Potopoto haipendi upana

Tukizitoa, tuliweka nini? Hapa elimu yetu ya udongo ilitusaidia, na tulipaswa kuitumia tangu mwanzo.

Kuna udongo wa aina mbili barabarani. Kuna ule ambao hauna mwisho: mchanga mzito, au udongo mweusi wa mabwawa. Ukizama hapo, hakuna chini. Kwa udongo huo, tairi pana inasaidia, kwa sababu inatandaza uzito juu ya eneo kubwa, sawa vile ubao unavyomshika mutu juu ya matope. Lakini sehemu kubwa ya barabara za milima yetu ni aina ya pili: potopoto ya kidongo yenye utelezi, sentimeta 10 au 20, na chini yake kuna udongo mgumu au mawe. Hapo unataka tairi ikate, ifike kwenye ugumu, ishike. Tairi pana inaelea juu ya ute na kuteleza kuelekea mfereji. Mnalijua jambo hili kwa mikono yenu: jembe jembamba linaingia pale ambapo pana linapiga na kurudi. Zile motokari za kazi zilizojenga sifa katika nchi yetu, Land Cruiser za zamani za mabenchi nyuma, zilivaa tairi nyembamba za 7.50R16. Hazikuwa na sura ya kutisha. Zilifika.

Kwa Prado, sisi tulichagua 235/85R16. Fanyeni hesabu: kimo milimeta 806, yaani inapandisha motokari milimeta 14. Ni nusu ya tulichopata kwanza, lakini upana umepunguka milimeta 30. Inakubali janti ya inchi 7. Hailambi bawa. Kontere inakosea chini ya sehemu 4 kwa 100, na tumebandika karatasi mbele ya shofere: "Ongeza 4 kila 100." Ikikosekana dukani, 265/75R16 iko na kimo karibu kilekile, milimeta 804, ila upana unabaki wa zamani. Zaidi ya hapo, kwa motokari ya umri huu, inayobeba mzigo na watu kwenye miteremko, hatushauri. Kijana mwenye motokari yake ya kuchezea afanye anavyotaka. Motokari ya koperative inabeba watoto wa wengine.

Tena angalieni meno ya tairi kuliko ukubwa wake. Tairi ya kimo cha kiwandani, yenye meno makubwa ya matope na nafasi za kutosha katikati ili potopoto iruke nje, itawavusha mahali ambapo tairi kubwa ya meno yaliyokwisha itazunguka bure. Ubaya wake ni kelele, na kwenye lami yenye maji inateleza zaidi. Kwa wale wanaoshuka mpaka barabara kubwa ya Bukavu–Goma, shofere ajue.

Na kuna kitu ambacho hakiombi franka hata moja: upepo. Kama kibandiko cha mlangoni kinasema kilo 2, na mbele yenu kuna mahali pabaya pa mita 50, shusheni mpaka kilo 1 na nusu. Tairi inalala, inakuwa ndefu chini, meno yanafunguka. Mara mingi motokari iliyokwama inatoka yenyewe. Masharti ni mawili. Msitembee kasi na upepo mdogo, kasi ya baiskeli inatosha. Na muwe na pompi ndani ya motokari, kwa sababu tairi yenye upepo mdogo, mzigo mzito na mwendo mrefu inapata joto mpaka inapasuka. Kwenye mawe ya volkano, kuelekea Sake na Goma, msishushe kabisa: lile jiwe linakata ubavu, na ubavu uliokatwa haushonwi.

Dukani

Hesabuni tairi 5, si 4. Tulikuta koperative moja imenunua 4 kubwa na kuacha ya akiba ya zamani. Prado nyingi za aina ile zinavuta magurudumu yote wakati wote, na gurudumu moja likiwa dogo, diferansieli inafanya kazi bila kupumzika. Ukiifunga kwa ajili ya matope, vyuma vinapigana ndani mpaka kimoja kivunjike. Na kama akiba yenu inakaa kwenye mlango wa nyuma, kumbukeni kwamba tairi kubwa ni nzito: bawaba za mlango zinapinda, mlango haufungi tena.

Tairi za okazi ni nyingi sokoni, na zingine ni nzuri. Tafuteni ubavuni herufi DOT, na mwishoni mwake namba nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukiwa haujatembea. Tairi yenye meno mazima na miaka 10 ni mzee aliyepaka mafuta: ikipata joto na mzigo, inavuliwa ngozi. Kunjeni ubavu kwa kidole gumba. Mkiona nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi, acheni, hata kama muuzaji anapunguza bei. Kama duara lile la namba nne halionekani upande mmoja, liko upande wa pili. Likiwa limekwaruzwa pande zote, mnajua kwa nini.

Mwisho wa maandishi ya ukubwa kuna namba ya uzito. 112 maana yake tairi inabeba kilo 1,120. 120 inabeba kilo 1,400. Msikubali namba iliyo chini ya ile ya kibandiko cha mlangoni, hata kama kimo kinafaa.

Kabla ya kulipa zote, ombeni kufunga moja mbele, kushoto, kisha kulia. Gurudumu lingine la mbele lipande juu ya jiwe kubwa, ili lile mnalopima lishuke, kisha mbadilishe ili lipande. Wekeni mzigo wa kweli nyuma. Geuzeni usukani mpaka mwisho pande zote mbili, mkienda mbele na mkirudi nyuma. Paka chokaa kwenye bega la tairi: ikifutika, inagusa. Kazi hii inachukua nusu saa, na muuzaji atanung'unika. Zikifungwa zote, fundi apime usawa wa magurudumu ya mbele, na baada ya kilometa 50 hivi boloni zikazwe tena. Mlete pia habari kwa aliyewapa bima, ili siku ya ajali asiseme motokari ile siyo aliyoiandika.

Na barabara yenyewe

Koperative iliyotuletea ulizo hili mwanzoni mwa msimu ilikuwa tayari na feza mkononi. Tuliwaomba kitu kimoja kabla ya garaji: watembee kwa mguu njia yao yote, kutoka kiosheo cha kahawa mpaka barabara kubwa, wakiandika kila mahali motokari ilikwama msimu uliopita. Tulifikiri watarudi na orodha ndefu. Walirudi na mahali 3.

Mahali pa kwanza maji ya shamba la jirani yalikuwa yanamwagika barabarani. Mfereji ukachimbwa kwa salongo, siku moja ya asubuhi, na jirani akakubali upite kwenye mpaka wake baada ya maneno mingi na chupa chache za masanga. Mahali pa pili ni mita 40 za kidongo chekundu. Salongo mbili, mawe kutoka mtoni, ya makubwa chini na ya madogo juu, katikati ikainuliwa ili maji yaende pembeni. Motokari inapita pale sasa na tairi zake za zamani, ikiwa na upepo wa kawaida.

Walinunua tairi 5 za 235/85 zenye meno ya matope, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimekwisha kwa vyovyote. Feza iliyobaki waliweka kwenye plaketi za freni na kusafisha radiateri, na sehemu ndogo ikarudi kwa mbegu.

Mahali pa tatu ni daraja la miti juu ya kijito, na mbao mbili zimeoza. Pale wanateremsha magunia, motokari inavuka tupu, na vijana wanabeba mzigo mgongoni mpaka ng'ambo. Wameandika barua kwa shefu wa kikundi juu ya mbao. Tulipopita wiki iliyopita, jibu lilikuwa halijafika, na mvua ilikuwa inaendelea.